Fundi Anajibu: Gari la Marehemu Lipakwe Rangi Kwanza au Liuzwe Lilivyo?

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Lansing, Michigan, tangu 1994. Mume wangu, ambaye alikuwa Mmarekani, alifariki mwaka jana. Ameniachia Pontiac GTO ya mwaka 1969, ya milango miwili, rangi ya kijani, ambayo aliinunua ikiwa mpya katika ujana wake na kuiendesha hadi 1988, alipoiingiza kwenye banda la gari nyuma ya nyumba na kuifunika turubai. Haijawashwa tangu siku hiyo. Rangi imefifia juu ya boneti, kutu imeanza nyuma ya magurudumu, kiti cha dereva kimechanika, na mita inasoma maili 61,000 na ushei. Mpwa wa marehemu anasema tuipake rangi na kuifungua injini kwanza, ndipo tuuze. Mfanyabiashara mmoja wa magari ya kale naye amekuja mara mbili, akanihesabia dola 9,000 taslimu juu ya meza na kuniambia kwamba gari bovu namna hii sitalipatia mnunuzi mwingine. Magari siyajui, na fedha sina haraka nazo. Sitaki kudhulumiwa, wala sitaki kumdhulumu mtu. Nifanyeje?
Mama Z., Lansing

JIBU: Mama Z., pole sana kwa msiba. Mungu amlaze mahali pema marehemu, ambaye nadhani alikuwa mtu makini, kwa sababu gari lililonunuliwa jipya na kubaki mikononi mwa mtu mmoja kwa zaidi ya nusu karne ni kitu ambacho sisi mafundi tunakutana nacho mara chache mno. Naomba kwanza yafuatayo, na nayaomba kwa msisitizo: usilipake rangi, usiruhusu mtu aoshe injini, usikubali mtu aje na betri kujaribu kuliwasha, na zile dola 9,000 usizipokee kabla hujajua unachouza.

Mpwa wako anakushauri kwa nia njema. Ushauri wake ungefaa kwa gari la kawaida la kutembelea, ambalo mnunuzi hulitazama kwa macho, akaona linang'aa, akatoa fedha. Magari haya, ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli, yana hesabu nyingine. GTO ilianza mwaka 1964, wakati wahandisi wa Pontiac chini ya John DeLorean walipochukua gari la ukubwa wa kati, Tempest LeMans, na kulitia injini kubwa ya inchi za ujazo 389 iliyokuwa ikitumika kwenye magari makubwa ya kampuni hiyo. Mwaka ule wa kwanza ziliuzwa 32,450, na makampuni mengine ya Detroit yakafuata njia hiyo hiyo. Mwaka wa gari lako, 1969, zilitengenezwa 72,287. Zilinunuliwa zaidi na vijana, na vijana walizishindanisha barabarani, wakabadilisha injini, wakazipaka rangi walizozipenda, na zilizosalia zikaliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Ndiyo maana leo GTO iliyopakwa rangi upya haiadimiki. Iliyoadimika ni ile ambayo bado imevaa rangi iliyotoka nayo kiwandani.

Rangi hiyo ikiondoka imeondoka. Mwenye fedha anaweza kupaka gari rangi wakati wowote anaotaka, lakini hakuna fundi duniani awezaye kulirudishia rangi ya 1969. Wakati ule General Motors ilitumia rangi ya lakari ya akriliki, ambayo ni nyembamba, hufifia kwa namna yake, na hupata nyufa nyembamba mithili ya za udongo uliokauka. Mnunuzi anayeifahamu huja na kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi, akakigusisha mlango baada ya mlango, na kikisoma namba ndogo zinazofanana kila mahali hujua kwamba hapana puti ya kuzibia mabonde chini yake na hapana ajali iliyofichwa. Kufifia kule juu ya boneti kunakokutia aibu ndiko ushahidi wake. Isitoshe, kazi nzuri ya rangi hapa Marekani hupita dola 10,000 kwa urahisi, na ukarabati kamili wa bodi, chesisi, injini na viti mara nyingi humgharimu mtu kuliko bei ambayo gari lenyewe litauzwa. Ungetumia fedha ili upunguze thamani.

Nitakueleza kosa langu, kwa kuwa ndilo lililonifundisha. Miaka mingi iliyopita mteja aliniletea gari la umri kama huo ili nimsaidie kuliandaa kwa mauzo. Nilipofungua boneti nikaona mafuta na vumbi vimegandana, nikafanya nilichokuwa nikifanya kwa kila gari: nikapuliza sabuni ya mafuta, nikaosha kwa maji ya presha hadi injini ikameta. Siku iliyofuata alikuja mnunuzi na tochi. Hakuitazama injini, alielekeza mwanga kwenye ukuta wa bati ulioko kati ya injini na dashibodi, akautembeza polepole, akapiga magoti na kutazama chini kwenye ekseli, kisha akaniuliza alama ziko wapi. Wafanyakazi wa kiwandani walikuwa wakiandika kwa chaki ya nta namba na herufi juu ya bati, na wakaguzi walikuwa wakitia doa la rangi, la manjano au la buluu, juu ya nati iliyokwisha kukazwa. Alama zile zilikuwa zimekaa chini ya uchafu tangu siku gari lilipotoka kiwandani, na mimi nilizifuta kwa saa moja. Mnunuzi alipunguza bei, na tofauti ile nikamlipa mteja wangu kutoka mfukoni mwangu. Kwa hiyo ninapokwambia usiguse, nasema nikilikumbuka bati lile jeupe.

Sasa, kazi iliyo mbele yako ni kuthibitisha kwamba gari ni lile lile. Anza na namba ya chesisi, ambayo imo kwenye kibati kilicho juu ya dashibodi upande wa dereva na husomeka ukiwa nje kupitia kioo cha mbele. Itakuwa na tarakimu na herufi 13. Ikianza na 242, hiyo ni GTO halali na si LeMans iliyovishwa nembo, udanganyifu ambao umewaliza wengi. Zinazofuata, 37, zinamaanisha bodi ya milango miwili yenye paa gumu. 9 ni mwaka 1969. Kisha kuna herufi ya kiwanda, ambapo P ni kiwanda cha mji wa Pontiac, mwendo wa saa moja na kitu tu kutoka ulipo. Tarakimu sita za mwisho ni za gari lako peke yake.

Baada ya hapo mwombe mtu mwenye subira akumulikie sehemu ya mbele ya bloku ya injini, upande wa abiria, chini kidogo ya kichwa cha silinda. Atakuta herufi mbili. WT ni injini ya inchi 400 yenye nguvu farasi 350 kwa gia za mkono, na YS ni hiyo hiyo kwa gia za kujiendesha. WS au YZ ni toleo lenye nguvu zaidi, liitwalo Ram Air III, la nguvu farasi 366, na akiziona hizo asikae kimya, anipigie. Karibu na hapo patakuwa na sehemu ya namba ya chesisi iliyogongwa kwa chuma: 2, kisha 9, kisha herufi ya kiwanda, kisha zile tarakimu sita. Zikilingana na za dashibodi, injini ni ile iliyozaliwa na gari. Afute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo na si kwa msasa wala brashi ya chuma, kwani bati lililosuguliwa mahali pale humfanya mnunuzi adhani namba zimeghushiwa hata kama ni za kweli. Nyuma ya bloku, jirani na distribyuta, kuna tarehe ya kusubuliwa kwa chuma: L108, kwa mfano, ni tarehe 10 Desemba 1968, kwa maana A ni Januari na L ni Desemba. Tarehe hiyo lazima itangulie ile iliyoko kwenye kibati cha bodi chini ya boneti, ambako 02C husomwa kuwa wiki ya tatu ya Februari. Injini haiwezi kuwa changa kuliko gari lake.

Pontiac kama jina la gari haipo tena, General Motors iliifunga mwaka 2010, lakini kumbukumbu za mauzo ya kiwanda zimehifadhiwa na shirika linaloitwa PHS (Pontiac Historic Services), ambalo kwa malipo yasiyo makubwa hukutumia nakala ya ankara iliyotumwa na kiwanda kwa duka lililoliuza gari. Ankara hiyo huorodhesha injini, gia, rangi, viti, redio na kila kilicholipiwa zaidi. Iagize kabla ya jambo jingine lolote. Kuna sababu ya pekee: mwezi Desemba 1968 Pontiac ilitoa GTO iliyoitwa The Judge, ambayo kwa mwaka huo wa 1969 zilifika 6,833 tu, na namba ya chesisi haiitofautishi na GTO nyingine. Ni ankara peke yake inayosema kwa uhakika. Huenda lako si Judge, wengi si Judge, lakini mtu anayekuja mara mbili na fedha taslimu huenda anakisia jambo ambalo wewe bado hujaliuliza.

Tafuta karatasi za nyumbani pia. Marehemu wa namna hiyo hatupi kitu. Mkataba wa kununulia, kitabu cha mmiliki, risiti za mafuta na tairi, namba za zamani za gari zilizotundikwa ukutani, picha ya familia ambamo gari linaonekana kwa nyuma: vyote hivyo ni fedha, na picha ile yenye mwaka nyuma yake ina uzito kuliko maneno yangu na yako. Karatasi hizo zitakusaidia hasa kwenye suala la mita. Mita ya gari hilo ina tarakimu tano tu, hivyo 61,000 yaweza kuwa 161,000, na risiti zinazoonyesha maili zikipanda mwaka hadi mwaka ndizo zitakazokata shauri. Angalia vilevile kama mpira wa kanyagio la breki na ule ulio chini ya kisigino cha dereva umechakaa kulingana na maili hizo.

Kutu usiifiche. Magari haya huoza chini ya mabawa ya nyuma, kwenye sakafu ya buti, na kuzunguka kioo cha nyuma, ambapo maji hupenya na kushukia ndani ya buti bila kuonekana. Inua zulia, piga picha kila tundu, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Gari la Michigan lisilo na kutu lingetiliwa shaka, ilhali gari ambalo mwenye nalo amekuonyesha ubovu wake mwenyewe hununuliwa na mtu aliye mbali bila hofu. Kusafisha kunakotakiwa ni kutoa uchafu uliolegea tu: ondoa viota vya panya ukiwa umevaa glavu na barakoa, baada ya kuvinyunyizia dawa ya kuua vijidudu ili vumbi lisiruke, kwa sababu vumbi la mkojo wa panya hubeba maradhi mabaya. Kiti kilichochanika kiache.

Kuhusu kuliwasha, mafundi hatukubaliani, nami nitakupa upande wangu. Petroli ya 1988 imekwisha kugeuka gundi ndani ya tanki na kabureta, ringi za pistoni huenda zimeshikana na silinda, na mtu mwenye papara na betri mpya anaweza kuvunja kwa dakika moja kitu kilichovumilia miaka yote hiyo. Gari linalotembea huuzika kwa urahisi zaidi, hilo ni kweli, lakini anayetafuta gari ambalo halijaguswa hupenda kuliamsha mwenyewe kwa mikono anayoiamini. Kwa hali yako ningetaka fundi afanye mambo mawili tu: alegeze breki zilizokamata na ajaze upepo, ili magurudumu yazunguke na gari liweze kuvutwa juu ya lori bila kuburutwa. Tairi zikikataa upepo, atie za kuazima, na zile kuukuu zisafiri na gari. Kisha kwenye tangazo andika wazi kwamba injini haijazungushwa tangu 1988.

Mahali pa kuuzia, mimi ningechagua mnada wa mtandaoni kuliko mnada wa ukumbini. Minada mikubwa kama ya Mecum, wenye soko kubwa la Januari huko Kissimmee, Florida, hulipitisha gari jukwaani kwa dakika chache chini ya taa kali, na huko gari linalong'aa ndilo linaloshangiliwa. Gari lako lina habari ndefu, linahitaji siku. Kwenye mnada wa mtandaoni kama Bring a Trailer, gari hukaa karibu wiki nzima, wajuzi wakiuliza maswali na wewe ukiwajibu kwa picha. Weka bei ya chini ambayo hutauza ukiikosa, na soma masharti ya ada kabla ya kusaini. Njia ya pili ni chama cha wapenzi wa GTO, GTO Association of America, kilichopo tangu 1979. Wanachama wake hulipa vizuri wanapoamini, na wengi wangelitunza gari kwa namna ambayo marehemu angeridhia. Kwa bei, usitazame zinazoandikwa na wauzaji, tazama zilizokwisha kulipwa kwa magari ya mwaka na hali inayofanana. Kampuni ya Hagerty, ambayo ni ya huko huko Michigan, hutoa makadirio kwa daraja nne, ya kwanza ikiwa ya magari ya maonyesho na ya nne ya yale yenye kasoro zinazoonekana. Anza kusoma kutoka ya nne, kisha tafuta mthamini wa kujitegemea akadirie thamani ya gari kwa maandishi.

Thamani hiyo iandikwe kwa tarehe aliyofariki mumeo. Sheria ya kodi ya Marekani humhesabia mrithi thamani ya siku ya kifo badala ya bei iliyolipwa 1969, na bila karatasi hiyo unaweza kutozwa kodi kwa faida ambayo hukuipata. Hati ya umiliki ikiwa ni ya jina lake pekee, nenda kwanza kwenye ofisi ya Katibu wa Jimbo la Michigan ukalihamishie jina lako. Mjane huwa na njia fupi pale mirathi isipofika mahakamani na thamani isipovuka kiwango cha sheria. Malipo yafanyike ndani ya benki yako, fedha ziingie mbele ya macho yako. Hundi ya benki kutoka kwa mtu anayetaka kukulipa zaidi ili umrudishie chenji ya kusafirishia, ikatae hapo hapo, hata akiwa mpole kiasi gani.

SWALI: GTO yangu ya 1968 haijakarabatiwa, ila mwenye kwanza alibadilisha injini mwaka 1974. Rafiki ananiambia nitafute bloku ya mwaka ule na kuigonga namba za gari langu ili nipate bei. Wengi hufanya hivyo. Je, kuna ubaya?
K., Minneapolis

JIBU: Ndugu K., upo ubaya mkubwa. Kumgongea mnunuzi namba za uongo ni ulaghai, na utashitakiwa nao miaka mingi baada ya fedha kwisha. Wajuzi pia hawahangaiki kutambua: wanalinganisha umbo la tarakimu, mpangilio wake, na tarehe ya kusubuliwa. Sema wazi kwamba injini ilibadilishwa mwaka 1974 na ueleze ilikotoka. Ikiwa ilibadilishwa chini ya udhamini au na duka la Pontiac, risiti ya kazi hiyo ni hazina, kwani bloku za kubadilishia zilitoka kiwandani bila namba ya gari. Bei yako itashuka chini ya ile ya gari lenye injini yake, na hilo ukubali. Bado una bodi yenye rangi yake na viti vyake, navyo vina wateja wake, hasa watu wanaotaka kuliendesha gari kila Jumapili bila kuogopa kuchakaza injini ya kihistoria.

SWALI: Kaka yangu yuko Detroit na amepata gari la aina hiyo kwa bei nzuri. Anaweza kunitumia Mombasa nikaliuze huku? Naona Nairobi kuna maonyesho ya magari ya kale.
Omar, Mombasa

JIBU: Bwana Omar, maonyesho unayoyataja yapo, yale ya Concours d'Elegance yanayofanyika Nairobi tangu 1970, na wapenzi wa magari ya kale Kenya ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Kikwazo kiko bandarini. Kenya huzuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8 tangu kutengenezwa, na usukani wa kushoto ni zuio la pili lenye vibali vichache. Kabla kaka yako hajalipa hata senti, pata jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka husika, lenye namba ya chesisi ya gari lenyewe. Ukikosa jibu hilo, mwambie aliuze huko huko Michigan, ambako mnunuzi anaweza kuja kulikagua kwa tochi yake mwenyewe.